Kupanda Mau kwa Gari Kuukuu

Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1965 lilikuwa la mkono wa pili. Volvo PV544 hiyo ilikuwa imeshapitia mashindano ya mwaka uliotangulia mikononi mwa timu ya kiwanda, ikatoka humo imechoka, ndipo Joginder Singh akainunua. Mtu huyu hakuwa mgeni wa vyuma vilivyochoka. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kushika spana katika gereji ya baba yake, na kabla jina lake halijavuma alifanya kazi ya doria ya barabarani katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi ya kuwafuata madereva waliokwama na kuwanasua. Alipoingia kwenye Volvo hiyo pamoja na nduguye Jaswant akiwa msoma ramani, alikuwa ameshaona kwa macho yake namna magari yanavyokufa njiani, na ni sehemu gani zinazotangulia kufa.

Joginder aliishinda Safari tena mwaka 1974 na 1976. Lakini hesabu inayowagusa watu wa kawaida ni nyingine: alianza mashindano hayo mara 22, akafika mwisho mara 19.

Kufika mwisho halikuwa jambo dogo. Mwaka 1963 magari zaidi ya 80 yaliondoka Nairobi. Yaliyomaliza yalikuwa 7. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakamaliza 7 tena. Safari ya miaka hiyo ilikimbizwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza, katika barabara zilezile walizotumia wakulima, malori ya maziwa na mabasi. Matope yaliyameza baadhi ya magari, mawe yakayavunja mengine. Yaliyobaki yalizimwa na vitu vidogo ambavyo hata leo vinaweza kulisimamisha gari la familia kati ya Gilgil na Timboroa: mpira wa maji uliopasuka, mkanda wa feni uliokatika, kichujio kilichojaa vumbi, waya uliolegea.

Anayenunua gari la zamani la kulala ndani, aina ya Kombi au basi dogo lililowahi kubeba watalii, ananunua mtihani huohuo. Tofauti ni kwamba Joginder aliyajua maswali mapema. Mnunuzi wa leo mara nyingi hukutana nayo mlimani, watoto wakiwa nyuma na giza linaingia.

Sheria ya Kenya imechangia kuufanya ununuzi huu uwe wa namna ya pekee. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu kuingiza nchini gari la mtumba lililopita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari la kulala lenye miaka 30 au 40 haliwezi kuagizwa kutoka Ujerumani wala Japani likaandikishwa hapa. Wageni wanaovuka bara zima na magari yao hupita tu kwa vibali vya muda. Mkenya anayelitaka gari la aina hiyo atalipata humuhumu, na maana yake ni moja: gari hilo limezeekea katika barabara hizi. Kama ni Kombi, huenda liliwahi kuwa la misheni, la shule au la kampuni ya utalii. Kama ni Nissan au Toyota HiAce yenye paa linaloinuka, basi limeshapeleka wageni Mara na Samburu mara nyingi kuliko mtu yeyote anavyoweza kukumbuka. Lile paa lililokatwa ili mgeni asimame apige picha ya simba ndilo linalowavutia wanunuzi, maana mtu mzima anaweza kusimama wima ndani. Ndilo pia linalovujisha maji kwenye kingo, na maji hayo huteremka taratibu ndani ya nguzo za bodi mpaka sakafuni. Mwenye busara huinua zulia kabla ya kutazama kitanda.

Kisha mnunuzi huongeza uzito. Kitanda cha mbao, kabati, jiko na mtungi wa gesi, betri ya pili, tangi la maji la lita 60 ambalo likijaa ni kilo 60. Hakuna kinachoonekana kizito kikiwa peke yake. Vyote vikijumlishwa, gari limebeba abiria kadhaa wasioshuka kamwe, hata kwenye mlima.

Na mlima ndio wenye neno la mwisho katika sehemu hii ya nchi. Kutoka Nairobi barabara hupanda hadi nyanda za Limuru na Kinale, huanguka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ikapita Naivasha na Gilgil na kufika Nakuru, mji ulio karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hadi hapo msafiri amekwenda kilomita 160 hivi, na mara nyingi gari limemtendea vyema. Hapo ndipo imani humjia. Lakini kutoka Nakuru, katika mwendo wa chini ya kilomita 100, njia ya kwenda Eldoret hupita Salgaa, Sachangwan na Mau Summit, ikapanda mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Ni karibu mita 900 za kupanda. Gari moshi nalo lilitaabika katika bonde hili: reli iliyofika Nakuru mwaka 1900 ilitanguliwa na kazi ya kuteremsha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye ukingo wa Kijabe, kwa kuwa njia ya kudumu ilikuwa haijakamilika na treni haikuweza kushuka pale yenyewe. Barabara ya Mai Mahiu, ambayo malori huitumia hadi leo, ilijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilolijenga kando yake bado lipo, na madereva hulipita wakiwa wameshika breki.

Mwinuko huliumiza gari kuukuu kwa njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni hewa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100. Kombi ya miaka ya 1970 yenye injini ya sentimita za ujazo 1,600 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 50. Timboroa inabakiwa na chini ya 40, hata ikiwa mpya, na hakuna Kombi mpya tena: kiwanda cha mwisho kilichokuwa kikizitengeneza, nchini Brazili, kiliacha mwishoni mwa 2013. Kabureta nayo huendelea kumwaga petroli ileile kwenye hewa iliyopungua, kwa hiyo injini hula mafuta mengi, hutoa moshi mweusi na kuzichafua plagi. Dereva huona gari limekuwa zito, akakanyaga zaidi, akazidisha joto.

Njia ya pili ni maji yenyewe. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100. Nakuru huchemka kwa karibu nyuzi 94, na Timboroa kwa karibu 91. Injini ya kawaida ya kupozwa kwa maji hufanya kazi karibu na joto hilohilo, hivyo kinachoizuia isichemke ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hubana mvuke ndani na kuinua kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Kifuniko kilichochoka huachia. Ukikigeuza utaona pete ya mpira. Ikiwa imekauka, ina nyufa au imebonyea upande mmoja, basi maji yatachemka mlimani hata kama pampu ni nzima, feni inazunguka na rejeta haivuji. Kifuniko kipya ni miongoni mwa vipuri rahisi kabisa dukani. Inasikitisha kuona ni injini ngapi zimefunguliwa kichwa kwa sababu ya pete ya mpira isiyozidi upana wa sarafu.

Gari lililowahi kuchemka huacha alama, na alama hizo zinaweza kusomwa kabla fedha hazijabadilisha mikono. Maji ya rejeta yawe na rangi ya kulanti, kijani au nyekundu, si ya kutu. Kijiti cha oili kisitoke na mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa, kwa maana hapo maji yameshaingia kwenye oili na gasketi ya kichwa imeungua. Feni isiwe imeungwa moja kwa moja kwenye betri. Aliyefanya hivyo alikuwa akikimbia tatizo. Na thamostati iwepo. Mafundi wengi wa pembeni huiondoa gari likichemka, wakidai inazuia maji. Gari hupoa kweli, kwa muda, lakini baridi ya Timboroa ikiikuta injini isiyo na thamostati, haipati joto lake kamwe, oili hubaki nzito, na chanzo cha kuchemka kule mwanzo kinabaki palepale hakijaguswa. Huu ni ushauri mbaya unaotolewa kwa nia njema, na umezoeleka mno.

Kombi hiyo ya sentimita za ujazo 1,600 haina rejeta. Wenye kuipenda huitaja sifa hii kama jibu la maswali yote, na hapo hukosea, kwa kuwa hewa iliyopungua hubeba joto pungufu. Injini yake iko nyuma, hupozwa na feni iliyofungwa ndani ya boksi la bati, na feni hiyo huzungushwa na mkanda uleule unaozungusha dainamo ya kuchaji betri. Dashibodi haina kipimo cha joto. Ina taa nyekundu ya dainamo. Kwenye gari lingine taa hiyo ikiwaka dereva anaweza kujikokota hadi mjini kwa betri. Kwenye Kombi ikiwaka ghafla mlimani, huenda mkanda umekatika na feni imesimama, na injini ina dakika chache tu za uhai. Dereva anayejua huzima papo hapo, hata kama amebakiza kona moja kufika kwenye kituo cha mafuta.

Kuubadilisha mkanda huo ni kazi ya kando ya barabara kwa mtu mwenye spana moja na bisibisi. Bisibisi huzuia puli isizunguke, spana hufungua nati, na puli hugawanyika vipande viwili. Katikati ya vipande hivyo mna washa nyembamba za bati. Ukipunguza washa, mkanda hukaza, ukiongeza, hulegea. Unapoubonyeza kwa kidole gumba uingie ndani karibu milimita 15, basi. Washa zilizotolewa hazitupwi. Hufungwa upande wa nje wa puli, chini ya nati, zisubiri mkanda mwingine. Ni ubunifu mzuri, wa watu waliofikiria dereva aliye mbali na mji.

Injini za zamani zaidi zina udhaifu mwingine ambao mafundi wa Volkswagen huujua kwa moyo: silinda ya tatu. Kipoza oili kilikaa ndani ya boksi la feni, mbele ya silinda hiyo, kikaizibia hewa, hivyo ikawa inapata joto kuliko wenzake. Vali ya silinda ya tatu ndiyo ya kwanza kuungua. Fundi anayepima nguvu za silinda na kuanzia namba tatu anaijua kazi yake.

Basi gari limechemka, au limezima, na liko Sachangwan. Jambo la kwanza si boneti. Jambo la kwanza ni kuondoka njiani.

Hili linapaswa kusemwa bila kulainisha, kwa maana barabara hii imeua watu wengi sana. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, wananchi wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana uso kwa uso Migaa, jirani na hapo, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani kwenye barabara ya Kericho, lori lililopoteza mwelekeo liliyafyeka magari na wachuuzi waliokuwa kando ya njia, wakafa 52. Waathiriwa wa Londiani wengi wao hawakuwa barabarani. Walikuwa pembeni, wakiuza mboga au wakingoja matatu.

Kwa hiyo gari lililokufa kwenye mteremko au mpando wa Salgaa si mahali pa kungojea. Kama bado linatembea kwa msukumo wake, lielekezwe nje kabisa ya lami, magurudumu yakiwa kwenye majani. Abiria watoke kwa mlango wa upande wa mbali na barabara, wasimame juu ya kingo, si mbele ya gari wala nyuma yake. Pembetatu za kuakisi mwanga, ambazo kila gari linapaswa kuwa nazo, ziwekwe mbali kiasi cha kumpa dereva wa lori nafasi ya kuamua. Hatua 10 hazitoshi kwa chombo cha tani 40 kinachoteremka. Wenyeji huongeza matawi ya miti, yakipangwa kutoka mbali, na madereva wa masafa marefu huyaheshimu. Matatizo huja baadaye: gari likishatengenezwa, matawi na mawe yaliyozuia magurudumu huachwa palepale kwenye lami, yakamngoja mwendesha pikipiki wa usiku. Kuyaondoa ni sehemu ya matengenezo.

Baada ya ajali za mwishoni mwa 2017 mamlaka ya barabara kuu ilijenga ukuta wa zege katikati ya sehemu ya Salgaa kutenganisha wanaopanda na wanaoteremka. Umesaidia kuzuia kugongana uso kwa uso.

Msaada hufika upesi kuliko mgeni anavyotarajia. Salgaa, Mai Mahiu na Mau Summit ni vituo vya malori, na palipo na malori pana mafundi wa tairi, wachomeleaji, mafundi wa umeme na wauza vipuri, wengi wakifanya kazi chini ya mti au kibanda cha mabati. Ulimwengu wa wanauchumi uliwatambua watu wa aina hii mwaka 1972, Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya na kuonyesha kwamba waliokuwa wakihesabiwa kuwa hawana kazi walikuwa na kazi, tena yenye ujuzi. Wao wenyewe walikuwa wakijua hivyo tangu zamani.

Fundi mzuri wa barabarani haanzi na spana. Huanza na maswali.

"Ilianza kusumbua wapi, mkubwa?"

"Nikipita Salgaa."

"Ilipoteza nguvu kwanza, ama ilichemka kwanza?"

Maswali hayo yana uzito kwa sababu barabara ina mpangilio wake. Gari lililopoteza nguvu polepole tangu Nakuru, bila kuchemka, lina shida ya mafuta au ya hewa. Lililochemka kwenye mpando mrefu, likapoa lenyewe kwenye tambarare, lina rejeta iliyoziba au feni dhaifu. Lililochemka hata kwenye tambarare lina neno zito zaidi. Lililozima ghafla kama taa imezimwa, mtu aanzie kwenye waya. Anayeishi kando ya mlima ameona magari mengi yakifa kwa utaratibu huu, na mahali gari liliposimama humpa nusu ya jibu.

Kisha mkono wake hugusa. Huweka kiganja juu ya mpira wa juu wa rejeta na ule wa chini. Wa juu ukiwa wa moto na wa chini wa baridi, maji hayazunguki. Hafungui kifuniko. Wanaofungua kifuniko kikiwa moto huungua uso na kifua, na wasio na subira humwaga maji baridi kwenye injini inayotokota, wakapasua kichwa cha silinda. Nusu saa ya kungoja huokoa kazi ya wiki nzima. Ndipo maji huongezwa, kidogo kidogo, injini ikiwa inanguruma taratibu.

Mpira uliopasuka hufungwa kwa blada, ule utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya tairi, ukazungushwa kwa nguvu mara nyingi na kufungwa fundo. Kwa kuwa kifuniko kikibana kitausukuma mpira upasuke tena, fundi hukiacha nusu wazi, na gari huenda mwendo wa pole hadi Nakuru au Molo. Tangi la petroli linalovuja kwenye mshono husuguliwa kipande cha sabuni ya kufulia, kwa sababu sabuni haiyeyuki katika petroli. Ni dawa ya kufikisha gari mjini, na fundi mwaminifu husema hivyo waziwazi. Anayeiacha sabuni hiyo kwa miezi mitatu amejitafutia moto mwenyewe, hasa kwenye Kombi, ambayo mipira yake ya petroli iliyokauka hupita karibu na injini. Magari mengi ya aina hiyo yameteketea kwa sababu ya futi mbili za mpira wa bei ndogo.

Kipuri kisipopatikana hapo, bodaboda hutumwa. Kanuni yake ni kwamba hatumwi mikono mitupu: huchukua kile kipande kibovu kama sampuli. Jina la gari na mwaka wake havitoshi, maana gari la miaka 35 limeshabadilishiwa viungo na watu wengi, na pampu ya maji iliyomo huenda ni ya modeli nyingine kabisa. Muuza vipuri wa Nakuru huweka kipande cha zamani na kipya sambamba juu ya kaunta, akalinganisha matundu ya boliti moja baada ya jingine. Kikikosekana Nakuru, simu hupigwa Grogon, ile mitaa ya gereji na vipuri vilivyotumika kandokando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Picha hutumwa, malipo huenda kwa M-Pesa, na kipuri husafiri kwa matatu kama pasel. Kikiondoka Nairobi mchana, jioni kiko Nakuru. Wasafiri wa Safari Rally ya 1965 wangeupokea mtandao huo kwa mikono miwili.

Vumbi lina njia yake ya kuua injini, ya kimyakimya. Udongo wa sakafu ya bonde, kuanzia Kedong chini ya Longonot hadi Soysambu kando ya Elmenteita, umetokana na majivu ya volkeno. Kiangazi hugeuka unga laini unaotiririka kama maji mtu akiukanyaga. Mashindano ya dunia ya rally yaliporudi Kenya mwaka 2021, yenye makao yake Naivasha, unga huo uliwapa shida hata madereva wa viwanda vikubwa, na timu zikaja kuyawekea magari yao mabomba marefu ya kuvuta hewa kutoka juu karibu na paa. Kombi huvuta hewa kupitia mapengo ya ubavuni, nyuma, pale hasa magurudumu yanapoinua vumbi. Aliyekatiza Soysambu kwenda kutazama ziwa, kisha akaunganisha safari ya Eldoret bila kukung'uta kichujio, anaupanda Mau akiwa amezibwa pua.

Lakini kama kuna jambo moja ambalo mnunuzi wa gari kuukuu anapaswa kuliogopa kuliko kuchemka, ni kurudi. Injini ikifa mlimani gari husimama. Breki zikifa mteremkoni gari halisimami. Kutoka Timboroa hadi Nakuru ni zile mita 900 tena, sasa zikimsukuma dereva kwa nyuma, na mamlaka za barabara zimewalaumu mara nyingi madereva wa malori wanaoteremka Salgaa wakiwa wameweka gia huru ili kuokoa mafuta. Gari la kulala lenye kitanda na tangi la maji lina kishawishi hichohicho.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Dereva anayeteremka kilomita kadhaa mguu ukiwa juu ya breki huzipasha moto mpaka mafuta yanachemka ndani ya mabomba, mapovu ya mvuke yanaingia, na pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Gari lililokaa uani miaka 5 likingoja mnunuzi lina mafuta ya miaka 5. Kuyamwaga na kutia mapya huchukua saa moja. Gia ya kuteremkia ni ileile ya kupandia: kama Kombi ilihitaji gia ya pili kupanda, iteremke kwa gia ya pili, na malori yaliyo nyuma yasubiri.

Tairi nazo husema umri wao kwa anayezitazama. Ubavuni mna tarakimu nne ndani ya kibonyeo cha duaradufu. 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Magari ya kulala hayatembei sana, kwa hiyo tairi zake huwa na meno marefu yanayomfurahisha mnunuzi, ilhali mpira umeshakauka na kupasuka nyufa nyembamba kwenye mikunjo. Meno ya tairi hayajibu swali la umri.

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ina kila kinachohitajika kufanya kazi hizi zote kabla ya mlima: mafundi wa rejeta wanaozifungua na kuzisafisha kwa fimbo bomba kwa bomba, wachonga vyuma, wauza mikanda. Mwenye gari jipya kwake, hata kama ni la 1978, angefanya vyema kulala hapo usiku mmoja, au kwenye kambi za Njoro au Naivasha, alifungue asubuhi likiwa baridi, na kulijaribu kwenye mpando wa Salgaa likiwa tupu kabla ya kulipakia familia. Barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa, na upanuzi utapunguza msongamano, lakini mwinuko utabaki uleule.

Na Timboroa si mwisho wa mitihani. Anayeiacha njia ya Eldoret pale Nakuru na kushika ya kaskazini kupitia Mogotio huvuka ikweta na kuteremka hadi Marigat, chini karibu mita 1,000, ambako mchana wa Februari joto hupita nyuzi 33 na hewa inayoingia kwenye rejeta tayari ni ya moto. Kutoka hapo barabara hupinda magharibi, ikapanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, ikaporomoka ndani ya Bonde la Kerio, kisha ikaupanda ukingo wa Elgeyo hadi Iten kwa kona kali zinazofuatana. Ni mpando mkali zaidi kuliko wa Mau, malori ni machache, na vibanda vya mafundi viko mbalimbali.